JINAI HAIOZI: Jinsi polisi wanavyofufua kesi za mauaji zilizolala miaka 20 au 30

Kuna msemo tunausikia sana kwa wanasheria na hata kwa mapolisi wenyewe: jinai haiozi. Yaani ukiua leo, hata ikipita miaka 30 unaweza kudakwa na kupandishwa kizimbani. Wengi wetu tunausema tu kama kitisho. Mimi kesi za namna hii nimekuwa nikizifuatilia kwa muda mrefu, na leo nataka niwawekee hapa hatua kwa hatua jinsi zinavyofufuliwa. Nitatumia kesi za kweli zilizofika mahakamani, siyo zile za kwenye DVD za CSI ambako maabara inatoa jibu kabla chai haijapoa.

Najua wengine mko kafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo nasema kabisa mapema jambo ninalotaka mbaki nalo. Ni kweli jinai haiozi, lakini ushahidi unaoza. Kesi karibu zote nitakazozitaja zilifumbuliwa kwa sababu kuna mtu, siku za mwanzo kabisa, alichukua kitu kidogo, akakiandika jina na tarehe, akakifungia vizuri na kukitunza. Mashine za kisasa zilikuja baadaye sana. Kama kile kitu kisingekuwepo, mashine zingekosa cha kupima.

Haya, twende kazi.

KESI ILIYOLALA NI IPI?

Kesi ya mauaji kwa kawaida haifungwi kwa sababu tu muuaji hajapatikana. Jalada linabaki, ila linakosa pa kwenda. Mashahidi wote wamehojiwa, fununu zimekwisha, mpelelezi amehamishwa au amestaafu, na kila siku kesi mpya zinaingia mezani. Taratibu jalada linashuka chini ya rundo, kisha linahamia stoo. Hapo ndipo tunasema kesi imelala.

Zinalala kwa sababu tofauti. Kuna ambazo mhusika hajulikani kabisa. Kuna ambazo mtaa mzima unajua ni nani lakini hakuna ushahidi wa kusimama mahakamani. Na kuna ambazo hata marehemu hajulikani ni nani, mwili umeokotwa na hakuna ndugu aliyejitokeza.

Kwa Tanzania na Kenya sheria haijaweka muda wa mwisho wa kumshtaki mtu kwa mauaji. Msidhani ni hivyo dunia nzima. Japani ilikuwa na kikomo cha miaka 25 hadi ilipokifuta mwaka 2010. Korea Kusini ilifuta cha kwao mwaka 2015, na kwao iliuma sana. Kati ya 1986 na 1991 wanawake kumi waliuawa katika eneo la Hwaseong. Mwaka 2019 polisi walipima upya vielelezo vya zamani na DNA ikaelekeza kwa Lee Choon-jae, jamaa ambaye tayari alikuwa gerezani kifungo cha maisha kwa kumuua shemeji yake. Akakiri yote kumi na mengine zaidi. Lakini muda wa kushtaki mauaji ya mwisho ulikuwa umekwisha tangu 2006, kwa hiyo hawakuweza kumshtaki kwa hata moja. Hii kesi nitairudia, maana ina jambo lingine baya zaidi.

HATUA YA 1: KULISOMA JALADA UPYA

Watu wengi wanadhani kazi inaanzia maabara. Hapana. Inaanzia kwenye makaratasi. Mpelelezi mpya, ambaye hakuwepo wakati ule, anakaa chini na kusoma kila ukurasa. Ni muhimu awe mpya, kwa sababu yule wa mwanzo alishaamini jambo fulani na macho yake yalizoea.

Anaposoma anajiuliza maswali ya kawaida tu. Vielelezo bado vipo? Vipo wapi, na nani aliwahi kuvigusa? Mashahidi gani bado wako hai? Nani alitajwa mara moja tu halafu hakufuatiliwa? Nani alitoa maelezo mawili yasiyofanana? Kutokana na majibu wanachagua kesi ipi ianze, maana hela na watu havitoshi kufufua zote. Yenye kielelezo kinachopimika inapewa nafasi mbele. Inauma ukifikiria familia nyingine, lakini ndivyo inavyokwenda.

Na jambo ambalo linajirudia mno: jina la muuaji mara nyingi limo ndani ya jalada la zamani. Mfano mzuri ni Gary Ridgway wa kule Marekani, jimbo la Washington, jirani na mji wa Seattle. Kuanzia mwaka 1982 miili ya wanawake na wasichana ilianza kuokotwa ndani ya mto Green River na vichaka vya karibu. Mwaka 1983 baba na mpenzi wa binti mmoja aliyepotea waliitafuta gari aina ya pikapu iliyomchukua binti yao mpaka wakaikuta imeegeshwa nyumbani kwa Ridgway. Wakaita polisi. Polisi wakaja, wakamuuliza, akakana, wakaondoka. Mwaka 1984 akapimwa na mashine ya kugundua uongo, akafaulu. Jamaa akaendelea kudunda mtaani na kazi yake ya kupaka rangi malori.

Ndugu zangu, ile familia ilifika mpaka mlangoni kwake. Masalia ya binti yao yalipatikana mwaka 2003, miaka 20 baadaye.

HATUA YA 2: KUKITAFUTA KILICHOTUNZWA

Sasa tuendelee na huyo huyo Ridgway. Mwaka 1987 polisi walipata kibali cha kupekua nyumba yake. Hawakupata cha kumfunga. Lakini siku ile walimpa kipande cha shashi akitafune, wakakihifadhi kikiwa na mate yake. Wakati huo DNA ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutumika katika upelelezi, na vipimo vilivyokuwepo vilihitaji sampuli kubwa na yenye hali nzuri. Kile kishashi kilikaa kwenye hifadhi miaka 14.

Mwaka 2001 vipimo vilikuwa vimeboreshwa. Wakachukua mate ya 1987 wakayalinganisha na manii yaliyokutwa kwenye miili ya miaka ya 1982 na 1983. Yakafanana. Tarehe 30 Novemba 2001 akakamatwa akiwa anatoka kazini. Mwaka 2003 alikiri mauaji 48 ili asinyongwe, kama sehemu ya makubaliano ya kuonyesha miili mingine ilipo. Mwaka 2011 likaongezeka la 49.

Hebu fikiria kama karani mmoja wa stoo, mwaka 1995 hivi, angesema "hili boksi la zamani linajaza nafasi, tupeni". Basi hadithi ingeishia hapo. Kwa hiyo ukisikia kikosi cha kesi zilizolala, usifikirie majamaa waliovaa makoti marefu wanatembea kwa mikogo. Muda mwingi wanashinda stoo, wanahesabu maboksi, wanapiga simu hospitali, mahakamani na maabara kuuliza "hivi ile nguo ya mwaka fulani bado mnayo?"

HATUA YA 3: MAABARA

DNA wote tumeisikia, hasa kwenye kesi za kugombea mtoto. Kwa kifupi ni maelekezo ya mwili yaliyomo ndani ya seli: kwenye damu, mate, manii, ngozi, mzizi wa unywele. Sehemu kubwa tunafanana binadamu wote, lakini kuna maeneo ambayo kila mtu ana mpangilio wake, isipokuwa mapacha wa kufanana.

Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua namna ya kuusoma mpangilio huo. Bahati ikawa kwamba jirani tu na hapo kulikuwa na kesi mbili zinawasumbua polisi: wasichana wawili wa miaka 15 walibakwa na kuuawa, mmoja 1983 na mwingine 1986. Polisi walikuwa na kijana wa miaka 17 ambaye alikwisha kukiri la pili. Wakampelekea Jeffreys sampuli wakitegemea athibitishe na la kwanza. Majibu yalipotoka: muuaji ni mmoja kwa yote mawili, na siyo huyo kijana. Yaani mtu wa kwanza kuguswa na DNA katika kesi ya mauaji aliachiwa huru nayo. Hili tulikumbuke kila tunapoona mtu ameonyeshwa kwenye televisheni kwamba "amekiri".

Tatizo la miaka ile ni kwamba ilihitajika sampuli nyingi. Baadaye ikaenea njia ya kuizidisha DNA kidogo iwe nyingi, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia tuzo ya Nobel 1993. Ifikirie kama mashine ya kutoa kopi: unaingiza karatasi moja, unatoka na mamilioni. Ndiyo maana doa ambalo mwaka 1985 lisingefaa kitu, leo linaweza kutoa jibu.

Kisha zikaja kanzidata. Uingereza ilianzisha ya taifa mwaka 1995, na Marekani ya kwao ikaanza kazi nchi nzima mwaka 1998. Sampuli ya kesi ya zamani inaingizwa humo, kompyuta inalinganisha na waliowahi kukamatwa. Kuna watu wamekamatwa kwa kosa dogo tu, mate yao yakachukuliwa, na kesho yake mauaji ya miaka 20 iliyopita yanawagongea mlango.

Mfano wa jinsi kitu kidogo kinavyotosha ni kesi ya Stephen Lawrence. Alikuwa kijana mweusi wa miaka 18, akachomwa kisu na kundi la vijana wazungu akiwa anasubiri basi huko Eltham, London, tarehe 22 Aprili 1993. Siku chache tu baadaye raia walishawatajia polisi majina. Polisi wakazubaa wiki mbili kabla ya kuanza kukamata watu, muda unaotosha kabisa mtu kufua nguo na kutupa kisu. Familia ilijaribu kufungua kesi yenyewe, ikaanguka mwaka 1996 na watuhumiwa wakaachiwa. Tume ya jaji Macpherson ilipotoa ripoti mwaka 1999 ilisema wazi kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa ndani ya taasisi ya polisi yenyewe.

Sheria ya Uingereza ilikuwa hairuhusu mtu aliyeachiwa huru kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Ikabadilishwa, na kuanzia 2005 ikawezekana kwa makosa makubwa kama kuna ushahidi mpya wenye nguvu. Ndipo nguo zilizochukuliwa 1993 zikapimwa upya. Kwenye kola ya jaketi la Gary Dobson likaonekana doa la damu ya Stephen lenye upana wa nusu milimita. Nusu milimita wadau, ni ndogo kuliko kichwa cha pini! Kwenye suruali ya mwenzake David Norris kukawa na unywele. Januari 2012 wote wawili wakatiwa hatiani, karibu miaka 19 baada ya tukio.

HATUA YA 4: KUPITIA MTI WA UKOO

Hii ndiyo njia mpya kabisa. Itakuwaje kama DNA ya muuaji ipo lakini yeye mwenyewe hajawahi kukamatwa, kwa hiyo hayumo kwenye kanzidata?

Jimbo la California, kati ya miaka ya sabini na 1986, mtu mmoja alibaka wanawake wapatao 50 na kuua watu wasiopungua 13. Aliingia majumbani usiku na tochi. Mwaka 2001 DNA ilionyesha kwamba ubakaji wa kaskazini na mauaji ya kusini ni kazi ya mtu mmoja, lakini jina halikupatikana. Wapelelezi, akiwemo Paul Holes, wakapata wazo: wachukue DNA ya muuaji, waiweke kwenye tovuti ya GEDmatch ambako watu wa kawaida wanaweka DNA zao kutafuta ndugu waliopoteana.

Sampuli nzuri ilipatikana Ventura. Daktari aliyechunguza miili kule mwaka 1980 alikuwa na tabia ya kuchukua seti mbili za sampuli badala ya moja. Moja ikatumika miaka hiyo, ya pili ikabaki imegandishwa karibu miaka 40. Hakuna aliyemlazimisha. Ni mtu tu aliyeifanya kazi yake vizuri kupita alivyodaiwa.

Tovuti haikumtoa muuaji. Ilitoa mabinamu wa mbali, watu wanaochangia naye babu wa babu wa miaka ya 1800. Hapo mtaalamu wa koo Barbara Rae-Venter na wenzake wakaanza kujenga mti kutoka kwa wale wazee kushuka chini, kwa vyeti vya ndoa, sensa, matangazo ya vifo magazetini. Watu maelfu. Kisha wakachuja: awe mwanamume, awe na umri fulani, awe aliishi California miaka ile. Likabaki jina Joseph DeAngelo, miaka 72, mstaafu. Na mshike kiti: miaka ya sabini jamaa alikuwa POLISI, mpaka alipofukuzwa 1979 kwa wizi dukani.

Mti wa ukoo peke yake siyo ushahidi, ni kielekezo tu. Kwa hiyo polisi walimfuatilia kimya kimya, wakapangusa kitasa cha mlango wa gari lake akiwa ameingia dukani, halafu wakachukua karatasi ya kufutia kwenye pipa lake la taka. DNA ikafanana. Akakamatwa 24 Aprili 2018, mwaka 2020 akakiri na kufungwa maisha bila nafasi ya kutoka.

Tangu hapo njia hii imefumbua kesi kibao Marekani. Lakini ikaleta mjadala: binamu yako aliyetafuta ndugu mtandaoni, je, alikubali kukuchongea? Mwaka 2019 GEDmatch walibadilisha utaratibu, wakaanza kuwataka watumiaji wakubali kwanza ndipo polisi waruhusiwe kulinganisha na DNA zao.

HATUA YA 5: KURUDI KWA WATU

Hapa muda, ambao ndio adui wa vielelezo, unageuka kuwa msaada. Mwaka wa tukio mke alimtetea mumewe kwamba usiku ule walikuwa wote. Baada ya miaka 15 wameachana, naye hana cha kuogopa. Shahidi aliyekuwa mtoto sasa ni mtu mzima. Aliyetishiwa, mtishaji wake amekufa. Mwingine ameokoka au amezeeka na dhamiri inamsuta. Ndiyo maana wapelelezi huenda kuwagongea upya watu wale wale waliosema "sijui" zamani.

Turudi kwa wale wasichana wawili wa Leicester. Baada ya kijana kuachiwa, polisi walipima damu za wanaume zaidi ya 5,000 wa vijiji vile, na muuaji hakuonekana. Kumbe muokaji mikate mmoja, Colin Pitchfork, alimshawishi mfanyakazi mwenzake aende kutoa damu kwa jina lake, na pasipoti akaichezea picha. Yule mwenzake akiwa baa mwaka 1987 akaropoka. Mwanamke mmoja aliyesikia alikaa nalo wiki kadhaa, halafu akaenda polisi. Pitchfork akapimwa, ikafanana, Januari 1988 akapewa kifungo cha maisha. DNA ilithibitisha, lakini aliyemfikisha pale ni mwanamke aliyeamua kutokunyamaza.

PALE MAABARA INAPODANGANYWA

Kabla hamjaiabudu DNA, sikilizeni hii. Ujerumani polisi walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilikutwa kwenye matukio kama 40: mauaji, wizi, mpaka kifo cha askari polisi wa kike huko Heilbronn mwaka 2007. Mwanamke huyo hakueleweka kabisa, leo yuko na wezi wa magari, kesho na wauaji. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba DNA ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda kinachotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Hakukuwa na jambazi wa kike wala nini. Vijiti vilichafuka kiwandani.

Na ile ya Korea niliyoahidi kuirudia: moja ya mauaji yale kumi tayari lilikuwa na "muuaji" wake. Mwanamume mmoja alikaa gerezani karibu miaka 20 kwa kosa hilo. Lee alipokiri, kesi ikarudiwa, na Desemba 2020 mahakama ikamsafisha. Alikuwa ameshatoka gerezani zamani. Kwa hiyo kufufua kesi ya zamani siyo kumpata muuaji tu, kuna wakati ni kumtoa asiye na hatia.

Ndiyo maana mahakama inauliza sana habari za utunzaji wa vielelezo: nani alikiokota, alikiweka ndani ya nini, alimkabidhi nani, kwa saini gani. Hata kwenye kesi ya Stephen Lawrence mawakili wa utetezi walikomaa hapo hapo, wakidai damu ilihamia kwenye jaketi wakati wa kuhifadhi. Wataalamu ilibidi wafuatilie safari ya kila mfuko kwa miaka yote ile.

KWETU JE?

Vifaa siyo kwamba hatuna kabisa. Tanzania vipimo vya DNA hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na sheria ya vinasaba vya binadamu ipo tangu 2009. Kenya ilizindua maabara kubwa ya uchunguzi wa jinai ya DCI mwaka 2022.

Nanyuki, Kenya, mwaka 2012 binti wa miaka 21 mwenye mtoto mchanga alipotea usiku, na mwili wake ukakutwa baadaye ndani ya shimo la maji taka la hoteli. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 ulisema aliuawa na askari wa Uingereza waliokuwa mazoezini. Septemba 2025 Mahakama Kuu Nairobi ikatoa hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza. Huyo ni mtuhumiwa, mahakama ndiyo itakayoamua. Ninachotaka muone ni kwamba familia ilikomaa miaka 13 kufika hapo.

Zipo pia zinazolala kwa sababu nyingine kabisa. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje wa Kenya, aliuawa Februari 1990. Wapelelezi wa Scotland Yard walikuja, tume ikaundwa, 1991 ikavunjwa kabla ya kumaliza kazi. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Kesi ya namna ile tatizo lake siyo darubini.

Lakini kwa mauaji ya kawaida ya mtaani, tunaharibu wenyewe asubuhi ya kwanza. Mtaani nilikokulia kuna mlinzi wa duka aliuawa usiku. Kulipokucha watu walijaa, rungu likapita mikono ya watu kumi kila mmoja akilishangaa, mwenye duka akamwaga maji akapiga deki kwa sababu wateja wanakuja. Polisi wanafika, sakafu inang'aa. Hata ukileta maabara ya Leicester nzima pale, itapima nini?

Kwa hiyo chukueni haya machache:

1. Ukikuta tukio, usiguse, usisogeze, usioshe. Zuia watu mpaka polisi wafike. Kama mtu bado ana uhai, kumwokoa ni kwanza.

2. Aliyebakwa awahi hospitali, ikiwezekana kabla ya kuoga au kufua. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa ndani ya saa 72. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, maana unyevu unazichachusha na DNA inaharibika.

3. Chukua namba: RB kwa Tanzania, OB kwa Kenya. Toa kopi ya PF3 au P3, iweke na vyeti vya nyumbani. Andika jina la mpelelezi na tarehe kila unapokwenda. Miaka kumi baadaye ndiyo itakayoonyesha jalada lilipo.

4. Andika ulichokiona siku hiyo hiyo kwenye daftari, na tarehe. Kumbukumbu inajichanganya na stori za watu haraka kuliko unavyodhani.

5. Kama ndugu yako aliuawa na kesi imelala, usiulize "kesi imefikia wapi" tu, jibu lake unalijua: "upelelezi unaendelea". Uliza kwa maandishi: vielelezo vilivyochukuliwa ni vipi, vimehifadhiwa wapi, vimepimwa lini? Maswali haya yanahitaji majibu ya moja kwa moja.

Hili la tano ndilo nalitilia mkazo. Familia nyingi zinadai akamatwe mtu, mtu yeyote. Wangeanza kudai boksi lisitupwe. Mtu akikamatwa kwa hasira za siku ile anaweza kuwa kama yule wa Korea. Boksi likitunzwa, hata kama leo hakuna kipimo, kuna mtoto yuko darasa la tano sasa hivi ambaye siku moja atakuja kulifungua akiwa na mashine ambayo mimi na wewe hatujawahi kuiona.

Kama nyumbani kwenu kuna kesi ya namna hii, tuambieni hapo chini mlifuatilia vipi na mlijibiwa nini, ila msitaje majina ya watu mnaowashuku. Nawasilisha.